Mama mmoja, watoto wawili, viti viwili: kinachokwama kati ya Dar na Songwe

Kutoka Dar es Salaam hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni saa moja na nusu hivi angani. Kwa basi unaondoka alfajiri na kufika usiku. Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa miezi kumi, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Tatizo ni kwamba basi halikuulizi maswali, ndege inakuuliza. Mtoto ana cheti? Jina lake limo kwenye tiketi? Kiti hiki kina lebo? Na unajibu huku umembeba mmoja, umemshika mwingine, na viti viwili vya gari vimelala miguuni pako kama mbuzi wa mnadani.

Nimepita njia hii peke yangu na wanangu mara kadhaa, maana baba yao hapati likizo na bibi yao wa Uyole hataki kusikia habari za "tutakuja mwakani". Nilichogundua ni kwamba matatizo mengi yanayojitokeza ndani ya ndege yalianza siku nyingi nyuma, wakati wa kukata tiketi au kufunga mizigo sebuleni. Kwa hiyo kila sehemu hapa inaanza na utakachokiona, kisha tunarudi nyuma kutafuta kilikotokea. Tusichanganyane: nikisema "siti" ni ya ndege au ya gari lenyewe, nikisema "kiti" ni kile cha kumfungia mtoto kwenye gari.

Kaunta wanasema kiti hakiingii ndani ya ndege

Uliza kwanza kama mtoto mwenyewe ana siti. Aliye chini ya miaka miwili huruhusiwa kukaa mapajani kwa nauli ndogo, mara nyingi kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na nauli hiyo haimpi siti. Kiti chake basi kitawekwa wapi? Wengi tunaligundua hili tukiwa tayari uwanjani. Mtu mzima mmoja pia hapakati watoto wawili. Mwenye mapacha wa mwaka mmoja akisafiri peke yake, lazima mmoja anunuliwe siti. Angalia na tarehe ya kurudi: mtoto akitimiza miaka miwili mkiwa bado kwa bibi, safari ya kurudi atahitaji siti yake.

Kama siti ipo na bado wamekataa, geuza kiti utafute lebo. Viti vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na maandishi mekundu yanayosema kimethibitishwa kwa magari na kwa ndege. Vya Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba R44 au R129, na hiyo ni idhini ya gari. Idhini ya ndege huandikwa peke yake, na viti vingi havina. Sisi tunanunua mtumba, Kariakoo au Mwanjelwa, na kiti kimeshafuliwa na kusuguliwa hadi lebo imebaki gundi tu. Muuzaji ataapa kwamba kilikuja kwa ndege kutoka Uingereza, kana kwamba huo ni ushahidi. Ukiwa hapohapo, pindua plastiki ya chini usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Watengenezaji wengi hutoa miaka sita hadi kumi tangu kiti kitengenezwe. Ajali kilizopitia hutazijua, lakini ufa na plastiki iliyopauka kwa mstari mweupe utaviona ukitazama kwenye mwanga.

Kisha kuna aina ya kiti. Mkanda wa ndege ni wa kiunoni tu. Hauna kipande cha begani, na siti haina zile ndoano za chuma ambazo viti vipya hunasia kwenye gari. Kile kiti cha kumwinua mtoto, kisicho na mikanda yake chenyewe, hakitumiki ndege ikipaa wala ikitua, kwa kuwa chenyewe hutegemea mkanda wa begani wa gari. Lijaribu hili nyumbani: kifunge kiti kwa mkanda wa kiunoni peke yake, kwa kufuata kitabu chake. Kama njia pekee ya kukifunga inahitaji kipande cha begani, kitaenda na mizigo, na kaunta si mahali pa kulibishania.

Viti viwili ndani, kimoja, au vyote kwenye mizigo? Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inashauri hata mtoto mchanga awe kwenye kiti chake, kwa sababu ndege ikitikiswa ghafla mikono ya mzazi haiwezi kumzuia. Ushauri huo ni sahihi, na mwenye uwezo wa kununua siti tatu azinunue. Mimi nilikuwa na uwezo wa mbili. Cha mkubwa kiliingia ndani, cha mdogo kikaenda na mizigo.

Kiti kiko ndani, hakienei kwenye siti

Pima kabla hujatoka nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Kiti chenye upana usiozidi sentimita 41 hivi huenea kwenye siti nyingi. Kikikwama, inua sehemu ya kuwekea mkono kati ya siti mbili, kiweke, kifunge, kisha uishushe. Ila kwenye siti za mstari wa mbele kabisa sehemu hiyo mara nyingi haiinuki, kwa kuwa ndimo meza inamofichwa. Watu hudhani mstari wa mbele ndio mzuri kwa mwenye watoto. Kwa mwenye kiti cha gari unaweza kuwa mbaya kuliko yote.

Kiti hukaa dirishani ili kisimzuie mtu kutoka ikitokea dharura, na hakikai kwenye mstari wa mlango wa dharura. Hapa aina ya ndege inahesabika. ATR na Dash 8, zile ndege ndogo za propela, zina siti mbili kila upande wa njia: mkubwa dirishani kwenye kiti, wewe pembeni yake na mdogo mapajani, na hakuna mgeni wa kumwomba radhi. Ukiwa umenunua siti tatu kwenye ndege hizo, mtoto mmoja ataangukia ng'ambo ya njia, akae peke yake karibu na mtu asiyemjua. Airbus A220 ina siti mbili upande mmoja na tatu upande wa pili. Hapo omba zile tatu: kiti dirishani, kiti katikati, wewe njiani.

Usimpe dada mwingine mwenye mtoto wa mapajani siti ya jirani yako, hata mkishapatana. Barakoa za oksijeni za ziada huwa ni moja tu kwa kila kundi la siti, na wahudumu watawatenganisha wakati kila mtu amesimama njiani na mkoba wake.

Kwenye ATR abiria huingilia mlango wa nyuma. Siti za nyuma basi ziko karibu na ngazi, na kiti cha kilo saba utakibeba hatua chache badala ya kupita katikati ya viwiko vya watu wote. Hili sikuambiwa na mtu. Nililijua siku niliyopewa siti ya mbele.

Kiti kimefungwa lakini kinayumba

Shika kiti pale mkanda unapopitia, siyo juu, ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, hakijakaza. Mara nyingi mkanda umepitishwa tundu lisilo lake. Kiti kinachotazama mbele mkanda wake hupita nyuma ya mgongo wa mtoto. Kinachotazama nyuma, unapita chini ya miguu yake. Viti vingi vina njia zote mbili, na mtu mwenye haraka hushika ile iliyo karibu. Weka goti kwenye kiti, kandamiza kwa uzito wako wote, ndipo uvute ncha ya mkanda. Aibu ya kuonekana umepiga goti ndani ya ndege huisha baada ya dakika moja.

Mikanda ya mabegani ya mtoto nayo hudanganya, hasa huku kwetu. Juni na Julai Mbeya asubuhi ni baridi ya kutoa moshi mdomoni, na bibi amemvalisha mjukuu masweta mawili na koti juu yake. Unaivuta mikanda, inaonekana imekaza, kumbe umelikaza koti. Mvue, mfunge kwa nguo nyepesi, halafu mfunike kwa blanketi au khanga juu ya mikanda. Jaribu kuubana mkanda wa begani kati ya vidole viwili. Ukipata kipande cha kukunja, bado umelegea. Ukiwa kwenye taksi fanya vivyo hivyo.

Mdogo wa mapajani usimpitishie mkanda wako kiunoni pamoja na wewe. Ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote unakuwa juu ya tumbo lake. Shirika likiwa na mkanda mdogo wa kuunganisha kwenye wa kwako, mhudumu atakupa. Vinginevyo utaelekezwa namna ya kumshika. Na mbeleko utaombwa uifungue ndege ikitaka kupaa na ikitaka kutua, kwa hiyo usiifunge mafundo matatu.

Mmetua, kifungio hakifunguki

Abiria wamesimama, mtoto anataka haja ndogo, na kile kifungio cha chuma kimejibana ndani ya njia ya mkanda, nyuma ya plastiki. Mfuniko wake huinuliwa ili ufunguke, na plastiki imeuzuia usiinuke. Sababu yake ni namna ulivyokifunga Dar: kifungio kilielekea upande wa kiti. Kigeuze kabla ya kukaza, mfuniko utazame mgongo wa siti. Kama umeshanaswa, laza siti nyuma kidogo, sukuma kiti kwa goti ili mkanda ulegee, kisha ingiza vidole kwa nyuma. Mtoe mtoto kwanza. Usihangaike naye akiwa bado ameketi.

Waache wengine washuke. Ndege haiendi na wewe Dodoma.

Mtoto anapiga mateke siti ya mbele

Si utundu tu. Kiti cha gari kinamsogeza mbele na kumwinua, na miguu ya mtoto wa miaka mitatu inafika mgongoni mwa abiria wa mbele bila yeye kutaka. Mvue viatu. Hilo peke yake hupunguza nusu ya ugomvi. Kiti kinachotazama nyuma hakina shida hiyo ila kina nyingine: abiria wa mbele huenda asiweze kulaza siti yake. Msalimie mapema, umwambie. Baba mmoja aliyekuwa mbele yetu alijibu, "Mwanangu, hata basi la Tunduma sikulala." Tangu hapo nasalimia kwanza.

Analia sana mkitua Dar, lakini mkitua Songwe hasumbui

Hili lilinisumbua kichwa muda mrefu. Nilidhani mwanangu anapenda Mbeya. Sababu ni mwinuko.

Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hubanwa isiwe nyepesi kama ya nje. Huwekwa iwe kama ya mahali palipoinuka mita 2,400 hivi au chini ya hapo, yaani chini kidogo ya kilele cha mlima Loleza wa Mbeya. Uwanja wa Songwe wenyewe uko mita 1,300 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mkipaa kutoka Songwe, masikio ya mtoto yanapanda kama mita elfu moja tu. Mkishuka Dar, yanashuka mita zote hizo 2,400 hadi usawa wa bahari. Kurudi ni kinyume chake: mnapanda sana Dar, mnashuka kidogo Songwe. Na sikio huona taabu wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda, kwa sababu hewa iliyo ndani ya sikio hutoka kwa urahisi ila kuirudisha kunahitaji kumeza.

Kwa hiyo mnyonyeshe ndege inaposhuka, si inapopaa. Mama wengi humaliza ziwa lote mkipaa Songwe, mtoto analala, halafu juu ya Dar hana hamu tena. Ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Utasikia injini zimepunguza sauti kabla hawajatangaza chochote. Mwamshe, hata kama inauma kumwamsha, maana aliyelala hamezi mara kwa mara. Mkubwa mpe maji kwa mrija. Pipi ngumu kwa mtoto wa miaka mitatu kwenye ndege inayotikisika, sitaki hata kufikiria.

Kama ana mafua, na kwa baridi ya Mbeya mtoto hakosi mafua, maumivu yatakuwa makali zaidi. Aliyeambiwa ana maambukizi ya sikio amwone daktari kabla ya kupanda.

Mwinuko huohuo unaeleza kwa nini kikombe chenye mrija kilichojazwa Dar hutapika maziwa ndani ya begi na kilichojazwa Mbeya hakifanyi hivyo. Hewa iliyofungiwa chini Dar hupanuka sana mkipanda. Kifungue kidogo kitoe pumzi kabla ndege haijaondoka, usikijaze hadi juu, na kiweke wima.

Mikono haitoshi

Hesabu mikono kabla ya kuhesabu mabegi. Una miwili. Mmoja ni wa mkubwa, hauna mjadala, hasa Songwe ambako unatembea kwa miguu hadi kwenye ngazi za ndege. Mdogo yuko mgongoni au kifuani kwa mbeleko. Mkono uliobaki ndio unaobeba kiti, na hapo hakuna tena mkono wa begi, wala wa tiketi, wala wa kufuta makamasi. Kila kitu kingine lazima kining'inie mwilini au kiende na mizigo.

Ninavyofanya sasa: begi la mgongoni halipo, kwa kuwa mgongo ni wa mtoto. Nina mkoba wa kupitisha begani wenye pampasi nne, nguo moja ya kila mtoto, parachichi bivu la Rungwe na kijiko. Vyeti vya kuzaliwa na tiketi viko kwenye mfuko wa mbele, si ndani ya bahasha nzuri ndani ya mkoba. Majina kwenye tiketi yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti. Mtoto anayeitwa jina moja nyumbani na lingine kwenye cheti amekwishanichelewesha mara moja. Kiti cha ndani nakifungia mkanda wa zamani wa begi, nakitupia begani kichwa chini.

Kwenye mashine ya ukaguzi mpangilio wote huvunjika. Mtoto hutolewa kwenye mbeleko, kiti hupita kwenye mashine au hukaguliwa kwa mkono kisipoingia. Usianze na mtoto. Anza na kiti, kisha mkoba, kisha viatu vya mkubwa, na mdogo awe wa mwisho kufunguliwa, ili usiwe umemshika huku unainua kitu cha kilo saba. Na ukubali msaada, ila wa vitu, siyo wa watoto. Akija mtu kusema "nikushikie mtoto", mwambie, "Ndaga, nishikie kiti," yaani asante kwa Kinyakyusa. Mkubwa wako akikimbilia uwanjani, huyo msamaria hana jukumu naye. Wewe unalo.

Kuhusu ukungu: asubuhi ndege inaweza kuchelewa, au ikazunguka juu ya Songwe na kurudi Dar. Pampasi nne ni za siku njema. Wakati wa mvua naongeza tatu.

Kiti kimetoka kwenye mizigo na ufa

Mashirika mengi hupokea kiti cha mtoto bila malipo ya ziada, ila uliza kabla ya siku ya safari. Kinachokivunja ni kurushwa kikiwa uchi. Nakifunga ndani ya kiroba kikubwa, natia blanketi la mtoto kwenye pembe, nashona mdomo wa kiroba kwa sindano ya magunia, kisha naandika jina na namba ya simu kwa maandishi makubwa. Ukifika, kifungue hapohapo mbele ya ofisi ya mizigo. Ukiona ufa, mstari mweupe au kifungio kisicholia "tak", andikisha malalamiko kabla hujatoka mlangoni na usikitumie tena. Safari moja nilifungua cha kwangu siku ya tatu, kwa bibi. Nikaambiwa kwa upole kwamba siku ya tatu si uwanjani.

Wakati wa kurudi, kilo zako za mizigo zitakuwa zimeliwa na mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi. Pima kwa bibi, siyo kaunta, na usiufiche mchele ndani ya kiroba cha kiti. Wanajua.

Taksi ya Songwe haina mkanda wa nyuma

Mara nyingi upo. Umefunikwa na kitambaa cha siti alichoshonesha dereva, au vifungio vimezama chini ya mto wa siti. Ingiza mkono kwenye mfereji kati ya mto na mgongo wa siti ukitafute kifungio kabla hujakubaliana bei, kwa maana ukishalipa dereva atasema "haina shida, mama, twende polepole". Kama siti ya katikati ina mkanda wa kiunoni na kiti chako kinaukubali, kifunge pale. Kiti kinachotazama nyuma kisikae kamwe siti ya mbele yenye eabegi (mfuko wa hewa unaofutuka gari likigonga), hata gari likiwa limejaa.

Kutoka uwanjani hadi Uyole unapita Mbalizi, unapanda Iwambi huku malori ya Tunduma yanashuka upande wako wa kulia, halafu Mwanjelwa na foleni yake. Angani mtikisiko ulikuwa dakika tano. Hapa ni kama saa nzima, na watoto wamechoka, wanataka kushuka kwenye viti wakae mapajani. Mimi hapo huwa natoa kile kipande cha parachichi nilichokificha tangu Dar.